Baba Mkwe Ameacha Kukohoa

Baba mkwe alikuwa ameacha kukohoa.

Tusekile aliligundua hilo akiwa amejitwika mkungu wa ndizi, kwenye kona ya njia ya chai, pale ambapo michai imepita kimo cha mtu kwa sababu mwenye shamba alihamia mjini na hakuna anayeikata. Tangu aolewe hakuwahi kupita kona ile bila kutega sikio. Mzee Mwakalobo, baba wa mumewe, alikuwa mtu wa mila. Kwenye milima ile ya Rungwe, tangu zamani, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamtazami, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja. Nyumba nyingi za kijiji cha Isumba zilishaacha. Ya Mwakalobo haikuacha. Kwa hiyo mzee kila alipotoka alikohoa, kikohozi kikubwa kama trekta linalokataa kuwaka, na Tusekile kama yuko njiani aliingia kwenye michai, akageuza mgongo, akasubiri mpaka hatua zipite.

Mwanzoni ilimuudhi. Ana diploma ya mawasiliano ya redio, anabuni mawimbi ya mnara unaohudumia kata nzima, halafu anajificha kwenye majani kama sungura. Baadaye alizoea, na baada ya kuzoea aliona uzuri wake. Mzee mzima anatangaza safari yake kila siku, mvua au jua, ili mke wa mwanawe asiaibike. Si kila mwanamke anatangaziwa.

Sasa alisimama na mkungu wake, akahesabu kichwani. Masika yote haya hajaingia kwenye michai hata mara moja. Hajalowana kanga kwa umande. Na hawajakutana hata mara moja.

Mzee asiyekohoa na mkwe asiyejificha, na njia ni ile ile moja. Hapo pana kitu.

*

Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi kwa kisu kilicholiwa na jiwe la kunolea mpaka kimebaki kama uzi. Tusekile alitua mkungu, akavuta kigoda.

"Mama, mwenyewe mzima?"

"Mwenyewe" ndilo jina alilomwita baba mkwe tangu aingie ukoo ule.

"Mzima kama fahali. Ameenda kukata majani ya ng'ombe. Kwani vipi?"

"Simsikii akikohoa."

Mama mkwe alicheka mpaka kisu kikasimama. "Akohoe ya nini tena, na wewe umeshamwekea simu?"

"Simu gani, mama?"

"Hee. Mwanamke huyu anajifanya hajui sifa zake. Hiyo simu inayomwambia ulipo. Mume wako alimletea mwaka jana, akamwambia, baba, mke wangu amekutengenezea, usijichoshe kifua. Mzee alilia siku ile. Mimi nimeishi naye tangu nina meno yote, sijawahi kumwona akilia." Alinyoosha kisu kuelekea kabati la vyombo. "Iko pale inachajiwa. Kabla ya kutoka anaitazama. Akiona njia nyeupe, anakwenda zake. Akiona uko njiani, anakaa, anajifanya anafunga viatu. Mtu anafunga viatu mara tatu kwa siku na anavaa ndala."

Tusekile aliichukua simu. Kwenye kioo palikuwa na mchoro wa ua wote kwa mistari myembamba: nyumba kubwa, zizi, jiko, bafu, choo. Ndani ya jiko palikuwa na vitone viwili, kimoja cha kijani kimeandikwa *Mke*, kingine cha bluu kimeandikwa *Mkwe*. Vilikuwa vinatuna na kunywea, polepole, kila kimoja kwa mwendo wake.

Alielewa kabla ya kutaka kuelewa. Akabana pumzi.

Kitone cha bluu kiliacha kutuna. Kikasimama, kikaanza kufifia. Alipoishiwa na kuvuta hewa kwa kishindo, kikavimba, kikarudi kwenye rangi yake.

"Umeona?" alisema mama mkwe, kwa fahari ya mtu anayeonyesha ng'ombe wake. "Kinapumua na wewe. Ukiingia bafuni, kinaingia. Hapo mzee hata uani hatoki, anaheshimu sana."

Tusekile aliirudisha simu kabatini, taratibu, kama kitu cha moto.

"Vipi, mama Subi? Umekuwa wa majivu."

"Sijanywa chai."

"Basi kunywa, chupa ile pale. Mtu mwenye akili kama zako anasahau kunywa chai?"

*

Kinachofanyika mnarani si uchawi. Mnara unatupa mawimbi ya simu kijiji kizima. Mawimbi yanagonga kila kitu, ukuta, mti, ng'ombe, kifua cha mtu, na sehemu ndogo inarudi. Ukiwa na sikio la kusikiliza kile kinachorudi, una rada, na hukuhitaji mnara wa pili. Kazi ya Tusekile ilikuwa kubuni wimbi linalofanya yote mawili, na kazi hiyo ni kama kupika kande. Maneno ya watu yanataka wimbi lisilojirudia, kwa sababu kila ujumbe ni mpya. Rada inataka wimbi linalojirudia, ili ijue kilichotoka na ikitambue kinaporudi. Mahindi na maharage: yanaiva kwa nyakati mbili, yako kwenye sufuria moja, na ukikosea kimoja kinabaki kigumu. Alikaa juu ya sufuria ile miaka mitatu mpaka ikaiva.

Isumba waliutaka mnara kwa sababu ya mlima. Udongo wa Rungwe ukishiba maji hauombi ruhusa. Mnara uliweza kuona mteremko wa juu ya shule ukisogea hata unene wa ukucha, ukapiga king'ora kabla. Lakini wazee waliuliza swali moja tu, na lilikuwa swali la maana: kama unaona mlima, hauoni ndani ya nyumba?

Ukweli ni kwamba uliweza. Wimbi likiwa pana, jicho linakuwa kali, linatenganisha mtu na mtu, kifua na kifua. Na intaneti ya kasi inataka wimbi pana. Kwa hiyo Tusekile aliweka alichokiita pazia. Wimbi pana lilibaki kwa ajili ya simu, lakini mpangilio wake ulivurugwa kwa namna inayobadilika kila siku, ili upande wa rada usiweze kuusoma. Rada iliachiwa kijiukanda chembamba tu, cha kutosha kuona mlima. Kufungua pazia kulihitaji funguo mbili kwa pamoja, yake na ya mwenyekiti wa kijiji, kwa siku ya maafa tu.

Siku hiyo ilikuja masika ya mwaka jana. Mlima ulishuka upande wa mashariki, ukafunika nyumba ya Bupe, mchuma chai, na mwanawe Gwakisa akiwa ndani. Tusekile na mwenyekiti walifungua pazia. Kwenye kioo, chini ya tope lote lile, kilionekana kitone kimoja kidogo kinatuna na kunywea. Walichimba hapo. Gwakisa alitoka mzima, mdomo umejaa udongo, anadai kiatu chake.

Tusekile alikuwa amelowa tope mpaka nyusi. Ambakisye, mumewe, aliyekuwa msimamizi wa kituo cha mnara, alimshika bega. "Nenda kaoge, mama Subi. Pazia nitalifunga mimi."

Akaenda kuoga.

Mwezi uliofuata kijiji kilikutana, na Tusekile alisimama, binti yake Subilaga amemshika mkono, akaapa mbele ya watu kwamba pazia limefungwa. Ambakisye alikuwa benchi la mbele. Alipiga makofi.

Na wiki hii tu, Bupe alikuwa amekuja kwake analia. Alikuwa amewaambia watu wa kiwanda cha chai kwamba anaumwa, na msimamizi akamjibu: ungekuwa unaumwa ungelala, wewe umezunguka uani kwako tangu asubuhi. Wakamfuta kazi. Bupe akasema ni mnara. Tusekile alimjibu bila kupepesa: "Mnara hauoni ndani, nimeutengeneza mimi. Tafuta mmbea kwa majirani zako, usinichafulie kazi." Bupe akaenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akaitisha mkutano wa Jumamosi. Tusekile alikuwa ameombwa aje awajibu watu, na jibu alikuwa nalo mkononi, fupi na kavu.

Alikunywa chai ya mama mkwe, akashika njia ya mnarani.

*

Kituo kilikuwa kontena moja chini ya mnara, limejaa mashine zinazonguruma kama friji. Mvua ilipiga bati. Ambakisye alikuwa anakula karanga.

"Baba Subi, pazia lilifungwa lini?"

Hakuuliza pazia gani. Tusekile aliona hivyo, na hiyo ilitosha.

"Kaa kwanza," Ambakisye alisema.

"Nimetoka jikoni kwa mama yako, nimekaa nikipumua kwenye simu ya baba yako. Sitaki kukaa."

Ambakisye alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu mpole, huo ndio ubaya wake. Hata uongo wake ulikuwa na sauti ya chini. "Nilitaka kukwambia, Tuse."

"Lini? Kabla sijaapa au baada?"

"Makao makuu ya kampuni walinipigia siku ile ile. Wakasema liache wazi kidogo, tunakusanya takwimu. Baadaye wakasema mnara wa kijijini haujilipi, wataung'oa. Kisha kikaja kiwanda cha chai, kinataka tu kujua wafanyakazi wake wako wapi. Nikaona, kuliko mnara kung'olewa. Mlima unauona mwenyewe. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa. Ndiyo maana mtu anaambiwa."

Tusekile akavuta kibodi, akaingiza ufunguo wake. Mashine ikamkataa. Akarudia. Ikamkataa tena, kwa adabu.

"Walibadilisha funguo tangu Juni," Ambakisye alisema. "Wa kwako na wa mwenyekiti. Sasa zinaendeshwa kutoka kule."

"Na wa kwako?"

Ambakisye aliisogeza kibodi mbali naye.

"Haya. Na baba yako? Kiwanda kimekulazimisha, sawa. Kwa baba yako, nani alikulazimisha?"

"Ile ilikuwa zawadi." Sasa sauti ilipanda kidogo, kama mtu aliyeguswa penye heri yake pekee. "Anazeeka. Kifua kinamwuma, kila akitoka akohoe, kila akitoka akohoe. Nikasema apumzike. Na nikampa sifa wewe, sikujipa mimi. Unajua alivyokupenda baada ya hapo? Anakutaja kanisani."

Hapo ndipo Tusekile alipokaa, bila kutaka. Kuuza pumzi za watu ilikuwa dhambi ya kazi. Watu wa kazi huifanya na kuitafutia jina. Lakini mzee yule alikuwa amemkwepa kwa heshima miaka yote, na mwanawe mwenyewe alimwekea mkwe kiganjani, anamfuata mpaka bafuni, kisha akamwambia hii ni heshima, ashukuru. Na alitumia jina la mkewe kufanya hivyo.

"Unajua umemfanyia nini?" aliuliza.

"Nimemsaidia."

"Wewe ni mtoto wa mila hii, au uliokotwa?"

Ambakisye aliinamia ganda la karanga. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Jumamosi sema tu hauoni. Mara moja hii. Wakijua, vijana watakuja na mapanga wakate nyaya. Mteremko wa shule umesogea wiki hii, namba umeziona. Ukisema, na mlima ukashuka bila king'ora, watoto wale utawabeba wewe, Tuse. Si mimi wala makao makuu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo liliuma kuliko uongo. Subilaga alisoma shule ile. Darasa la kwanza, dawati la dirishani, upande wa mlima.

Tusekile alinyanyuka. Kwenye rafu ya juu, nyuma ya koili za nyaya, palikuwa na kopo la chuma lenye boliti nne, limejaa vumbi. Alilifahamu. Lilikuwa chujio la siku za majaribio, kabla intaneti haijafunguliwa. Alilishusha, akalipangusa kwa kanga, akaondoka nalo kwapani bila kuaga. Ambakisye alimwacha aende. Pengine alifikiri ni hasira tu, mwanamke kabeba kopo.

*

Jumamosi walikutana shuleni, darasa kubwa, mvua ya manyunyu. Waliokosa madawati walisimama ukutani. Mzee Mwakalobo hakuingia, kwa sababu mkwe wake atakuwa ndani. Alikaa nje chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, na mkewe akakaa kwa ndani, dirisha lile lile. Ndivyo walivyofanya kila mkutano.

Mwenyekiti Mwasomola alifungua kwa kifupi. "Bupe anasema mnara unaona ndani ya nyumba. Mama Subi ndiye aliyeutengeneza na anaishi nasi. Mama Subi, tuambie tukalale."

Tusekile alisimama. Ambakisye alikuwa benchi la mbele, pale pale pa mwaka jana.

"Bupe," alianza, "nilikwambia utafute mmbea. Mmbea nilikuwa mimi. Mnara unaona ndani. Pazia lilifunguliwa siku ya Gwakisa na halikufungwa tena. Niliapia kitu ambacho sikukikagua kwa macho yangu, kwa sababu aliyeniambia amekifunga ni mtu ninayelala naye kitanda kimoja."

Hakuna aliyemtazama yeye. Wote walimtazama Ambakisye, na Ambakisye alitazama sakafu.

"Kwa hiyo hata chooni?" aliuliza mwanamke mmoja nyuma.

"Hata chooni."

"Picha?"

"Si picha. Kitone. Kinapumua. Kila mtu na chake."

"Na mimi usingizi wangu wa mchana," alisema mzee mmoja aliyekuwa mlinzi kiwandani, "wanaujua?"

Watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha kwa mkupuo, kila mmoja akikumbuka la kwake.

Kijana mmoja akasema basi jambo rahisi, wakate nyaya leo leo. Wengine wakaitikia. Tusekile aliinua mkono.

"Mkikata, mlima mtausikia ukishafika. Umesogea wiki hii, na tumekaa chini yake hapa tunavyoongea. Nisikilizeni kwanza." Akaliweka kopo juu ya meza. "Hili ni chujio. Likifungwa kwenye nyaya pale chini, wimbi pana halipiti. Linapita jembamba tu. Jicho linakuwa butu. Mlima litauona kama kawaida, lakini nyumba zote zitakuwa donge moja. Litasikia Isumba nzima ikipumua kama ng'ombe mmoja, lisijue pua ni ya nani. Na hili si la kubadilishwa na mtu aliyekaa makao makuu. Hili ni boliti. Anayetaka kulitoa aje na spana, na tumwone."

"Hasara yake?" aliuliza mwenyekiti, aliyekuwa mfanyabiashara na alijua hakuna kopo la bure.

"Intaneti itakuwa ya kusubiri. Video sahauni." Vijana wakaguna. "Na kampuni huenda ikaja kuung'oa mnara, au isije, hilo sijui. Kazi yangu najua imeisha."

"Na mtu akifukiwa?"

Ni Bupe. Alikuwa amesimama mlangoni, Gwakisa kwenye kiuno ingawa alishapita umri wa kubebwa.

Tusekile alikuwa ameliogopa swali hilo tangu alipolishusha lile kopo. "Hataonekana. Mpaka kopo litolewe kwa mkono."

"Muda gani?"

"Nusu saa. Mvua ikiwa kali, zaidi."

"Huyu hakuwa na nusu saa."

"Hakuwa nayo," Tusekile alisema.

Watu walingoja aseme kitu cha kulainisha. Hakuwa nacho, na asingekisema hata kama angekuwa nacho.

Kisha dirishani ikatoka sauti. Mzee Mwakalobo alikuwa anasema na mkewe, lakini alisema kwa nguvu, kila mtu akasikia. Hata hivyo mkewe alisikiliza mpaka mwisho wa kila neno, akageuka, akamfikishia Tusekile aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale, kama vile ujumbe umetoka nchi nyingine.

"Anasema hakujua kwamba alikuwa anakuona. Alidhani anaambiwa njia iko wazi."

Tusekile aliinamisha kichwa. "Mwambie najua."

"Anasema aliambiwa ni wewe."

"Mwambie haikuwa mimi."

Mama mkwe alirudisha jibu nje. Kisha mkono wenye mishipa ukanyanyuka kutoka chini ya dirisha, ukaiweka simu kwenye kizingiti, ukajiondoa haraka kama umeungua.

"Anasema," mama mkwe aliendelea, na sasa sauti yake haikuwa ya kucheka tena, "mwaka mzima amemtazama mke wa mtoto wake akioga, na aliyempa macho ni mtoto wake. Anasema hana la kuongeza."

Ambakisye alinyanyuka, akaketi, akanyanyuka tena. "Baba," alisema kuelekea dirishani. Hatua zilisikika zikienda kwenye tope, polepole.

Bupe alimshusha mtoto chini. "Kopo lifungwe," alisema. "Sitaki kuokolewa siku moja, siku nyingine zote nichungwe kama mbuzi. Lakini spana nikae nayo mimi. Siku mlima ukishuka sitangoja mtu apige simu makao makuu kuomba funguo."

Mwenyekiti aliomba mikono. Wengi walinyoosha. Wachache hawakunyoosha, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye alimtazama Tusekile moja kwa moja, bila chuki. Tusekile aliupokea mtazamo ule kama alivyopokea mengine.

*

Walilifunga kopo mchana ule ule. Nyaya za pale zilihitaji mikono minne, na wa pili aliyejua kazi alikuwa Ambakisye tu, kwa hiyo walifanya pamoja, Bupe na mwenyekiti wakiwa wamesimama na miavuli.

"Shika hapa."

"Nimeshika."

"Kaza."

Hayo ndiyo maneno yao yote. Boliti ya mwisho ilipoingia, Tusekile alifungua kioo cha kituo. Mlima ulikuwepo, mteremko wote, wazi kama kiganja. Kijiji kilikuwa doa moja kubwa la kijivu, linatuna na kunywea bila mpango. Alimpa Bupe spana. Bupe aliipima uzito mkononi, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake, akaenda bila kusema ahsante, kwa sababu hapakuwa na ahsante ya kusema.

Nje, Ambakisye alimsubiri. Mvua ilimlowesha na hakuondoka.

"Tuse. Nilidhani nalinda."

"Najua ulivyodhani."

"Nitalala wapi?"

"Una baba," alisema, "kama atakupokea." Akashika njia ya nyumbani.

Wiki ile kampuni haikuja. King'ora kililia mara moja, Jumanne, na watoto wakatolewa shuleni wakakimbizwa kanisani. Mlima ukakaa. Subilaga alirudi na kiatu kimoja, akasema kingine kimebaki darasani na hawezi kwenda kesho bila viatu viwili. Aliambiwa ataenda na ndala.

Siku iliyofuata Tusekile alijitwika debe la maji kutoka bombani. Alipokaribia kona ya michai alikisikia: kikohozi kikubwa, kibovu, cha trekta linalokataa kuwaka, kingali mbali sana, chini kwa mtoni. Mzee alikuwa ameanza kukohoa mapema kuliko zamani, kama mtu anayelipia siku zote alizonyamaza.

Tusekile alitua debe, akaingia kwenye michai. Umande ukamlowesha kanga mpaka magotini. Akageuza mgongo. Hatua zikaja, kikohozi kikaja nazo, zikapita nyuma yake bila kusita. Alishangaa kukuta machozi yanamtoka, akayaacha.

Alikuwa karibu kutoka aliposikia hatua nyingine nyuma ya zile za mzee. Nyepesi. Alizijua, alikuwa ameishi nazo miaka kumi na moja. Zilisimama pale kwenye debe lake.

Mume hana haja ya kumkoholea mkewe. Mume anapita tu, anasema habari za asubuhi, anasaidia debe.

Hatua zilisimama. Kisha kikatoka kikohozi, kidogo, cha mtu asiyekizoea.

Tusekile hakugeuka. Alibaki kwenye michai, mgongo kwa njia, mpaka na hizo zikapita.